Wahasibu Wangapi Wanatosha? Somo la Kupima Ikama ya Kitengo cha Fedha na Uhasibu

Katika mikutano ya vijiji na ya kamati za maendeleo za kata, swali moja hujirudia kwa sura mbili zinazopingana. Mwananchi mmoja huuliza ni kwa nini makao makuu ya halmashauri yana wahasibu wengi ilhali zahanati ya kijiji chake ina muuguzi mmoja. Mwingine, pengine katika mkutano uleule, hulalamika kwamba fundi aliyejenga vyoo vya shule amesubiri malipo yake miezi mitatu, na kila akifuatilia huambiwa kuwa hati yake ingali mezani. Wa kwanza anaona wahasibu wamezidi. Wa pili anaonja matokeo ya upungufu wao, au ya kupangwa vibaya kwa waliopo. Wote wawili wanastahili jibu, na jibu hilo halipatikani kwa kukisia.

Somo hili linaeleza namna idadi ya watumishi wa Kitengo cha Fedha na Uhasibu inavyoweza kupimwa, mitego iliyomo katika upimaji huo, na mahali ambapo mkazi wa kata anaweza kuuliza swali lenye uzito. Takwimu za mfano zilizomo humu zimetungwa kwa ajili ya kufundishia tu. Si za halmashauri yoyote.

Neno la kuanzia ni ikama. Ikama ni idadi ya watumishi iliyoidhinishwa kwa kila kada katika taasisi ya umma. Halmashauri huandaa makadirio ya ikama na mishahara kila mwaka wa fedha, lakini kibali cha kuajiri hutoka Serikali Kuu. Kwa hiyo kiti kikiwa wazi katika ofisi ya Mweka Hazina, sababu zaweza kuwa mbili zilizo tofauti kabisa: ama halmashauri haikuomba, ama iliomba na kibali hakikutoka. Anayeuliza hana budi kuzitenganisha sababu hizo, kwa kuwa kila moja ina mwenye kuijibu.

Swali la pili ndilo gumu: hiyo ikama yenyewe ilipaswa kuwa ngapi? Njia iliyozoeleka ni kulinganisha. Mtu huchukua halmashauri jirani, akahesabu wahasibu wake, kisha akatoa hukumu. Ulinganishaji ni chombo chenye manufaa, ila hukata vizuri pale tu mshikaji anapojua makali yako upande gani.

Makampuni yamejifunza jambo hili kwa muda mrefu. Kampuni ya Xerox ya Marekani, iliyojulikana kwa mashine za kunakili nyaraka, ilianza mwaka 1979 kujipima kwa utaratibu dhidi ya wengine baada ya washindani wa Japani kuuza mashine kwa bei ya chini mno. Ilipofika kwenye ghala, haikumtafuta mtengenezaji mwingine wa mashine. Ilikwenda kutazama ghala la L.L. Bean, kampuni iliyouza nguo na vifaa vya matembezi ya porini kwa njia ya posta. Mavazi na mashine havifanani hata kidogo, lakini kazi ya kuokota bidhaa rafuni na kuifunga kwa ajili ya mteja ni ileile, na L.L. Bean waliifanya upesi zaidi. Kilicholinganishwa hapo kilikuwa kazi, na majina ya kampuni hayakuwa na uzito. Hapo ndipo ulinganishaji mwingi wa halmashauri hupotea njia: hulinganisha majina ya vitengo pasipo kutazama kazi zilizomo ndani yake.

Tuseme Halmashauri ya Kwanza ina wahasibu 14 na watumishi 1,400 kwa jumla, yaani mhasibu mmoja kwa kila watumishi 100. Halmashauri ya Pili ina wahasibu 14 na watumishi 2,800, yaani mmoja kwa kila 200. Kwa kipimo hiki, ambacho makampuni hukitumia sana, Halmashauri ya Pili inaonekana kuwa na ufanisi maradufu. Lakini sehemu kubwa ya watumishi wa halmashauri ni walimu na watoa huduma za afya, ambao mishahara yao hulipwa kupitia mfumo wa Serikali Kuu. Mwalimu mpya aliyepangiwa kazi wilayani haongezi sana kazi katika ofisi ya Mweka Hazina. Soko jipya lenye vizimba mia mbili huiongeza sana. Ikiwa Halmashauri ya Kwanza ina mji wenye masoko, stendi, machinjio na vyanzo vingi vya mapato ya ndani, huenda wahasibu wake 14 ndio wanaoelemewa. Kigawanyo cha watumishi kilichotoka katika kampuni, ambako malipo ya mishahara mara nyingi hufanywa na idara ileile ya fedha, kimeletwa mahali ambapo kinapima kitu kingine.

Mtego mwingine ni wa nani kahesabiwa. Zamani fedha na biashara zilikaa katika idara moja. Muundo wa sasa umezitenganisha, hivyo orodha ya watumishi ya miaka ya nyuma ina maafisa biashara ambao leo hawamo. Wakaguzi wa ndani wana kitengo chao, na maafisa ununuzi wana chao, ingawa mwananchi aliyepo dirishani huwaona wote kama “watu wa hesabu”. Wako pia wanaoshika mashine za POS katika masoko na vizuizi vya mazao: mahali pamoja ni watumishi, mahali pengine ni vibarua wa mkataba au mawakala, na kwingine ni watendaji wa vijiji wanaofanya kazi hiyo juu ya majukumu yao mengine. Halmashauri inayotumia mawakala itaonekana kuwa na wakusanyaji wachache, ilhali inawalipa kwa njia ya kamisheni. Kabla ya kulinganisha idadi mbili, ni lazima kuhakikisha kwamba zimehesabu watu walewale.

Uteuzi wa mwenzi wa kulinganishwa naye unahitaji uangalifu uleule. Tanzania Bara ina halmashauri 184, zikiwamo za majiji, manispaa, miji na wilaya. Halmashauri inayopakana na nyingine yaweza kutofautiana nayo kwa kila jambo lenye maana kihasibu. Nchini Uingereza, taasisi ya wahasibu wa sekta ya umma iitwayo CIPFA ina utaratibu wa kumtafutia kila baraza la mtaa “majirani wa kitakwimu”, yaani mabaraza yanayofanana nalo kwa idadi ya watu, msongamano wa makazi na hali ya uchumi, hata kama yako upande wa pili wa nchi. Wazo hilo halihitaji kompyuta kubwa. Halmashauri ya wakulima wa korosho inaweza kumwacha jirani yake wa mjini na kujipima na halmashauri nyingine ya korosho iliyo mkoa wa mbali, kwa kuwa zote mbili hulemewa na ushuru wa mazao katika miezi ileile na kupumua katika miezi ileile.

Pamoja na tahadhari zote hizo, ulinganishaji una udhaifu mmoja usioponyeka: ikiwa wote wanaolinganishwa wana upungufu, wastani wao nao ni upungufu. Kwa sababu hiyo hufaa kuwa na kipimo cha pili, kinachoanzia kwenye kazi yenyewe. Sekta ya afya inacho tayari. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 mwongozo uliohuishwa wa kukadiria mahitaji ya watumishi kutokana na mzigo wa kazi, unaojulikana kwa kifupi kama WISN, na Tanzania imewahi kuutumia kukadiria mahitaji ya wauguzi na waganga. Njia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya vituo vya afya, lakini hesabu yake haina sindano wala dawa ndani yake. Mhasibu naye anaweza kupimwa kwayo.

Hesabu huanza na muda ambao mtumishi mmoja anao kwa kazi katika mwaka. Toa Jumamosi na Jumapili katika siku 365, zabaki 261. Likizo ya mwaka ya siku 28 hula takriban siku 20 za kazi. Toa sikukuu zinazoangukia siku za kazi, kisha magonjwa, misiba na mafunzo, na makadirio ya haki yatafikia siku 220. Siku ya ofisi ina saa 8, ambazo ukitoa mapumziko na mambo madogo ya ofisi zabaki 7. Hivyo mtumishi mmoja anazo saa 1,540 kwa mwaka, na hakuna awezaye kumkamua zaidi ya hapo bila kazi kuharibika.

Kisha kazi huhesabiwa. Tuseme halmashauri hupitisha hati za malipo 6,000 kwa mwaka, na kila hati, tangu kupokewa, kukaguliwa, kuingizwa katika mfumo hadi kuhifadhiwa jaladani, huchukua dakika 40 za watu mbalimbali. Hizo ni saa 4,000. Tuseme kuna wakusanya mapato 30, na mahesabu ya kila mmoja hulinganishwa na fedha zilizofika benki kwa dakika 10 kila siku ya kazi, siku 250: saa 1,250. Usuluhishi wa benki kwa akaunti 12, kila mwezi, saa 5 kwa kila akaunti, ni saa 720. Kufunga hesabu za mwaka na kuwahudumia wakaguzi, saa 700. Halafu kuna shule, zahanati na vituo vya afya 120, na kila kimoja kinahitaji saa 6 kila robo mwaka za mtu wa kukipitia vitabu na kukielekeza: saa 2,880.

Jumla ni saa 9,550. Zikigawanywa kwa 1,540, jibu ni watu 6 na sehemu kidogo, wanaofanya kazi muda wote, wakiwa na vitendea kazi na wasio na likizo ya uzazi wala uhamisho.

Sasa itazamwe ile kazi ya mwisho. Ikiondolewa katika hesabu, mahitaji hushuka hadi watu 4 na theluthi moja. Halmashauri isiyowatembelea walimu wakuu na waganga wafawidhi itaonekana, katika jedwali lolote la ulinganishaji, kuwa na gharama nafuu kuliko ile inayowatembelea. Kazi isiyofanyika haina gharama inayoonekana mwaka huohuo.

Na kazi hii imekua mno. Tangu fedha za uendeshaji zilipoanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule na za vituo vya kutolea huduma za afya, mwalimu mkuu na mganga mfawidhi wamekuwa, pamoja na kufundisha na kutibu, watunza vitabu vya fedha. Mfumo wa FFARS ulioanzishwa mwaka 2017 uliwekwa ili vituo hivyo viweze kuandika mapato na matumizi yao na kutoa taarifa kwa utaratibu mmoja. Mfumo ni msaada mkubwa, lakini haumwambii mganga mfawidhi aliyesomea utabibu kwamba risiti aliyopewa haifai, au kwamba fedha za dawa hazilipi posho ya kikao. Mtu ndiye humwambia. Asipokuja mtu huyo, kosa la Agosti hugunduliwa na mkaguzi wa nje mwaka unaofuata, wakati mganga amekwisha hamishwa na kamati ya zahanati haikumbuki kilichoamuliwa.

Upande wa makao makuu, mifumo imepunguza kazi za mikono. Kumbukumbu namba ya malipo imemwondoa mwananchi kwenye foleni ya kumkabidhi karani fedha taslimu. MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini, umefuta safari nyingi za kubeba hundi. Wapo wanaohitimisha kwamba basi wahasibu wapungue. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Mfumo hupunguza uandishi. Uangalizi wenyewe hubaki. Mashine ya POS huonyesha kwamba mkusanyaji amekusanya shilingi kadhaa siku ya gulio, lakini haimpeleki benki. Asipofuatwa kesho yake, fedha mbichi huanza kutumika, kwanza kwa nauli, kisha kwa “dharura”, na baada ya miezi sita limekuwa deni ambalo halmashauri italidai mahakamani. Zile dakika 10 za kila siku katika mfano wetu ndizo zinazolizuia deni hilo, na ndizo za kwanza kuachwa ofisi inapokuwa na watu wachache.

Liko pia jambo ambalo hesabu ya saa hailioni kabisa. Katika malipo, anayeandaa hati asiwe ndiye anayeikagua, anayeikagua asiwe ndiye anayeidhinisha, na anayesuluhisha taarifa za benki asiwe yeyote kati yao. Huu ni utenganishaji wa majukumu, na ndio uti wa mgongo wa udhibiti wa fedha popote duniani, katika kampuni na katika halmashauri. Maana yake ni kwamba ipo idadi ambayo ofisi ya fedha haiwezi kushuka chini yake hata kama kazi ni chache. Ofisi yenye watu wawili yaweza kuwa na saa za kutosha na bado ikawa hatari, kwa sababu mmoja akienda likizo mwenzake hubaki na funguo zote. Dalili inayojulikana ya kuvuka mpaka huo ni watumishi kuachiana maneno ya siri ya mfumo “ili kazi iende”. Katika kompyuta patakuwa na majina matatu yaliyoidhinisha. Kwenye kiti alikuwa mtu mmoja.

Lipo na swali la sifa. Katika utumishi wa umma, mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, afisa hesabu, na mhasibu msaidizi ni kada tofauti. Hesabu za mwaka zinazofungwa tarehe 30 Juni hupaswa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ifikapo mwisho wa Septemba, zikiwa zimeandaliwa kwa viwango vya kimataifa vya uhasibu vya sekta ya umma. Ofisi yenye wasaidizi wanane wazuri na mtu mmoja tu anayevimudu viwango hivyo ina upungufu, ijapokuwa viti vyote vimejaa. Julai hadi Septemba mtu huyo hafanyi jambo jingine, na hati zinazohitaji jicho lake zinamngoja.

Hapa fundi wa vyoo vya shule anarudi katika mazungumzo, kwa kuwa ucheleweshaji wake hautokani na ofisi ya fedha peke yake. Hati nyingi hurudishwa kwa kukosa viambatisho: muhtasari wa kamati uliosainiwa, risiti ya EFD, uthibitisho wa mhandisi kwamba kazi imekamilika. Kila hati inayorudi hushughulikiwa mara mbili. Tukirejea mfano wetu, iwapo nyaraka kutoka katani zingefika zimekamilika na muda wa hati moja ukashuka kutoka dakika 40 hadi 30, zingeokolewa saa 1,000 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya nusu ya mtumishi mzima. Kamati ya ujenzi ya kijiji inayotunza muhtasari wake vizuri inaongeza nguvu kazi ya kitengo cha fedha bila kibali cha ajira.

Hali ni hiyohiyo kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Uundaji wa vikundi ni kazi ya maendeleo ya jamii, lakini marejesho huingia benki na lazima yaandikwe kwa jina la kikundi kilicholipa. Kikundi kilicholipa na kikasomeka kuwa hakijalipa hunyimwa mkopo wa pili. Hapo upungufu wa mtu mmoja wa kusuluhisha akaunti huwa na sura ya mama lishe aliyefanya kila kitu sawasawa.

Mkazi anayetaka kupima mambo haya hahitaji kuwa mhasibu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huchapishwa kila mwaka, na kwa kila halmashauri huonekana kama ilipata hati inayoridhisha. Ifahamike, hata hivyo, kwamba hati inayoridhisha huthibitisha hesabu zimeonyeshwa kwa usahihi. Haisemi kwamba watumishi wanatosha wala kwamba fundi amelipwa kwa wakati. Hoja za ukaguzi zinazojirudia mwaka hadi mwaka zina habari zaidi. Hoja ileile ya makusanyo yasiyofikishwa benki ikitokea miaka mitatu mfululizo, ni haki kuuliza ni nani anayefanya ulinganisho wa kila siku, na kama yupo.

Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi kuhudhuria, na diwani wa kata anaweza kulifikisha swali katika Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Swali la “wahasibu ni wangapi?” hujibiwa kwa namba moja na mjadala ukaisha. Yapo yanayozaa matunda zaidi: ni siku ngapi hupita tangu hati kupokewa hadi mlipwaji kuingiziwa fedha, shule na zahanati ngapi zilitembelewa na mtu wa fedha robo iliyopita, viti vingapi vya ikama viko wazi, na kwa vipi kati ya hivyo kibali kimeombwa. Mwenye kuyajibu ni Mweka Hazina na Afisa Utumishi kwa pamoja, na majibu yake hayana siri ndani yake.

Wakati wa kuuliza nao ni muhimu. Makadirio ya ikama huandaliwa sambamba na bajeti, miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Anayengoja hadi Agosti atazungumzia utekelezaji wa idadi iliyokwisha pitishwa. Anayeuliza katika mkutano wa kijiji wa mwishoni mwa mwaka, kabla makadirio hayajaenda mkoani, anauliza wakati kalamu ingali mkononi.